Sura ya Saba: Kadi Iliyobaki Kinna

Mtu anapoondoka Kinna kwenda kufanya kazi Riyadh, Doha au Minneapolis, usalama wa pesa zake hutegemea vitu vinne: kadi ya ATM, namba ya siri, laini ya simu na kitambulisho. Benki na kampuni za simu zilibuni huduma zao zikidhani kwamba vyote vinne vinakaa na mtu mmoja, na kwamba mtu huyo yuko karibu. Safari huivunja dhana hiyo siku ya kwanza. Kadi huachiwa kaka ili atoe ada za shule. Namba ya siri hutumwa kwa WhatsApp na kubaki humo miaka. Laini ya Safaricom huwekwa kwenye simu ya zamani iliyo nyumbani, na nakala ya kitambulisho iko katika faili la ajenti aliyeshughulikia pasipoti na visa. Ninalodai katika sura hii ni kwamba wizi mwingi unaowapata Wakenya walio ughaibuni hauanzi na ujanja wa mwizi. Huanza na jinsi vitu hivi vinne vilivyogawanywa, au vilivyorundikwa, kabla ya ndege kuruka. Kwa hiyo kinga yenyewe ni kuvigawa upya kwa makusudi, na kuhakikisha kwamba hakuna mkono mmoja, hata ule unaoupenda kuliko yote, unaofikia pesa zote.

Nimeichagua Kinna kwa sababu inaonyesha tatizo lilivyo kwa nguvu zaidi kuliko Nairobi. Mji huu wa Waborana, ulio katika eneo la Garbatulla, Kaunti ya Isiolo, jirani na Mbuga ya Meru, uko mbali na meza ya meneja wa benki. Anayetaka kubadilisha sahihi au kulalamikia muamala ana kwa ana hulazimika kusafiri hadi Isiolo mjini, au avuke mpaka wa kaunti aende Maua. Shughuli za kila siku humalizikia dukani kwa wakala. Katika mazingira hayo, mwenye akaunti akiwa Saudia, jamaa aliyebaki ndiye anayegeuka kuwa benki yake. Na pesa zenyewe si ndogo. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9, kwa hesabu ya Benki Kuu ya Kenya, na sehemu ya fedha hizo ndiyo inayojenga nyumba za mabati, kulipia matibabu na kununua mifugo upya baada ya ukame katika miji kama huu.

Tuanze na kadi, kwa kuwa ndiyo inayoogopwa zaidi. Mashine ya kwanza ya kutoa pesa ya benki ilizinduliwa Enfield, London, tarehe 27 Juni 1967. Kwa miongo iliyofuata kadi ilibeba taarifa zake kwenye utepe mweusi wa sumaku, na utepe huo hunakiliwa kwa urahisi: kifaa kidogo kikibandikwa kwenye mdomo wa mashine na kamera ikafichwa juu ya vitufe, mwizi anapata vyote anavyohitaji kutengeneza kadi bandia. Mwezi Mei 2016, kwa muda usiofika saa tatu, kundi la watu nchini Japani lilitumia kadi bandia zilizobeba taarifa za wateja wa Standard Bank ya Afrika Kusini kutoa zaidi ya yeni bilioni 1.4 kutoka mashine takriban 1,400. Kadi zenye chipu zimepunguza sana wizi wa aina hiyo, kwa kuwa chipu hutoa jibu jipya katika kila muamala na jibu la jana halifai leo. Ulaya ilitangulia, Kenya ikafuata katika muongo wa 2010, na Marekani ikaanza kuwabebesha hasara wafanyabiashara wasiotumia chipu mwezi Oktoba 2015. Bado inafaa kuziba vitufe kwa kiganja unapoandika namba ya siri, na kuiepuka mashine iliyo peke yake kando ya barabara. Lakini mlango huo ulipoanza kufungwa, wezi walihamia mlango mwingine, nao uko kwenye simu.

Nchini Kenya simu na benki zimeshikana tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007. Leo pochi ya M-Pesa inaweza kubeba hadi shilingi 500,000, na akaunti nyingi za benki hufunguka kwa laini ileile. Mwizi wa laini hahitaji kuishika simu yako. Hukusanya jina kamili, namba ya kitambulisho na pengine namba unazozipigia mara kwa mara, kisha humshawishi au humhonga mtu mwenye uwezo wa kusajili laini mbadala. Laini yako ikizimika, yake inawaka. Kuanzia hapo kila ujumbe wa kuthibitisha muamala unamfikia yeye, na namba ya siri ya benki ya simu anaweza kuomba apewe nyingine. Wala haishii kwenye salio. Laini hiyohiyo hukopa: M-Shwari tangu 2012, Fuliza tangu 2019. Mtu anaweza kuamka akiwa hana akiba na ana deni ambalo hakulichukua. Polisi wamewakamata washukiwa wa uhalifu huu mara nyingi, hasa katika mji wa Mulot ulio mpakani mwa Bomet na Narok. Hata hivyo, kukamatwa kwa mtu mmoja au wawili hakujazuia mbinu yenyewe kuenea.

Hapa ndipo ughaibuni hubadilisha hesabu. Aliye Kinna akikatiwa mtandao ghafla, huku majirani wote wakiwa hewani, hujua ndani ya saa moja kwamba kuna jambo. Aliye Dammam, ambaye laini yake ya Kenya imelala kwenye simu iliyozimwa, hana dalili yoyote. Wizi unaweza kuanza Ijumaa jioni naye akaujua mwezi ujao, siku atakapotaka kulipia kiwanja. Aliye Minnesota yuko nyuma ya Kenya kwa saa nane au tisa. Ujumbe wa saa mbili asubuhi Isiolo humkuta amelala. Kuna hatari nyingine isiyohitaji mwizi kabisa: laini isiyotumika kwa muda mrefu huweza kufungwa, na baadaye namba ikagawiwa mtu mwingine. Kama akaunti ya benki bado inaitambua namba hiyo, mgeni asiyejua lolote anaanza kupokea habari za pesa zako.

Kwa hiyo laini ndiyo ya kwanza kushughulikiwa, na kabla ya kuondoka, maana mengine hayawezekani ukishafika. Mteja wa Safaricom anaweza kupiga *100*100# na kuizuia laini yake isibadilishwe na wakala yeyote. Baada ya hapo, kuibadilisha kunamtaka mwenyewe afike kwenye duka la kampuni hiyo na kitambulisho chake. Ulinzi huo una gharama yake: ukiipoteza laini ukiwa Jeddah, huenda usiipate tena mpaka urudi. Naona ni gharama ya kukubaliwa, mradi benki imepewa namba ya nchi unakokwenda na barua pepe inayosomwa, ili taarifa za miamala zikufuate. Laini ya Kenya isafiri nawe, iwekwe hewani angalau mara kwa mara, na iwekewe namba ya kufunguliwa ili anayeichomoa na kuitia kwenye simu nyingine asiweze kuitumia. Benki yenye programu inayothibitisha muamala ndani ya simu yenyewe, bila kutuma namba kwa ujumbe mfupi, ni bora kuliko isiyo nayo. Falme za Kiarabu zimekwisha kulitambua hili: kuanzia Julai 2025 benki za huko zilianza kuachana na namba za uthibitisho zinazotumwa kwa ujumbe mfupi na barua pepe.

Laini ikishalindwa, bado kuna kadi iliyobaki kwa ndugu, na hili ni gumu zaidi kulisema kuliko habari za matapeli wasio na sura. Masharti ya benki kwa kawaida humtaka mteja asimpe mtu mwingine namba yake ya siri, na humhesabu kuwa mzembe akifanya hivyo. Maana yake ni kwamba siku aliyoandika tarakimu zile nne kwenye ujumbe kwa kaka yake, alilegeza dai lake dhidi ya benki, hata kama atakayeiba si kaka. Simu ya kaka ikiibwa Isiolo ikiwa na ujumbe ule, benki itaona tu kadi halisi na namba sahihi. Kamera ya mashine itaonyesha mtu asiyejulikana akitoa pesa kwa utulivu, na mwenye akaunti ataulizwa namba ile ilimfikiaje.

Dawa ninayoipendekeza inajulikana Kinna tangu kabla ya benki. Wafugaji wa Kiborana huligawa kundi: ng'ombe wa maziwa na ndama hubaki karibu na boma, kundi la warra, nao waliokauka na mafahali hupelekwa malisho ya mbali, fora, chini ya vijana. Sababu ya kwanza ni malisho, lakini faida nyingine ni kwamba ugonjwa au uvamizi ukipiga upande mmoja, familia haibaki mikono mitupu. Pesa za aliye ughaibuni zigawanywe hivyohivyo. Akaunti ya nyumbani, yenye kadi anayoishika jamaa, iwe na matumizi ya mwezi mmoja na kitu kidogo cha dharura. Akiba ya kiwanja, ya mifugo au ya ada ya chuo ikae akaunti nyingine isiyo na kadi, isiyounganishwa na M-Pesa wala na benki ya simu, ambayo pesa zake hutoka kwa sahihi ya mwenyewe au kwa sahihi mbili. Akaunti ya namna hiyo inasumbua, na usumbufu wake ndio ulinzi. Mwizi wa laini akiifikia akaunti ya nyumbani atachukua shilingi elfu kumi na tano au ishirini. Ni hasara chungu, lakini si jasho la miaka minne ya kufua na kupika katika nyumba ya watu.

Jamaa akihitaji mamlaka zaidi, kwa mfano kununua ardhi kwa niaba yako, njia ya halali ni hati ya uwakilishi inayothibitishwa katika ubalozi wa Kenya, uwe Riyadh, Doha, Abu Dhabi au Muscat, ikitaja shughuli na mipaka yake. Hati hiyo hutenganisha ruhusa na siri, jambo ambalo namba ya siri iliyotumwa kwa simu haiwezi kufanya. Hati inaweza kufutwa, na huacha kumbukumbu. Namba ya siri ikishasemwa, huwezi kujua imefika kwa nani.

Nazijua pingamizi zitakazotolewa barazani. Ya kwanza na ya uzito zaidi ni kwamba huku ni kumtuhumu ndugu. Jamii iliyozoea kumsimamisha tena aliyefilisika kwa kumchangia mifugo haiwezi kuishi kwa kugawa funguo kama wageni wa hoteli. Naiheshimu hoja hii, kwa sababu bila imani hiyo pesa zisingetumwa kabisa. Lakini tazama linalotokea pesa zikipotea. Aliyeshika kadi na namba ya siri ndiye mshukiwa wa kwanza, na hana njia ya kujisafisha. Anaweza kuwa hajagusa hata shilingi, na bado akaishi miaka ukoo ukimtazama kwa jicho la pembeni. Mipaka iliyokubaliwa humlinda yeye kabla ya kumlinda mwenye pesa: akaunti aliyopewa ina kiasi kinachojulikana, na kilichotoka kwenye akaunti nyingine hakimhusu. Kwa Waislamu wa Kinna hoja hii haina ugeni. Amana inapewa uzito mkubwa katika dini, na aya ya 282 ya Sura ya al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, inaamrisha deni liandikwe na liwekewe mashahidi. Sioni jinsi kuweka mipaka ya akaunti kunavyoweza kuwa dharau kwa ndugu ikiwa kuandika deni si dharau.

Pingamizi ya pili ni dharura. Mama akizidiwa usiku na gari la kwenda Isiolo au Maua linataka pesa sasa hivi, nani atangoja sahihi mbili? Ni kweli, na ndiyo maana akaunti ya nyumbani iwe na akiba ya dharura, na kiasi chake kiwekwe kwa kufikiria gharama ya gari na kitanda cha hospitali, si kwa kubahatisha. Zaidi ya hapo, kutuma pesa kutoka Ghuba, Ulaya au Marekani hadi M-Pesa siku hizi mara nyingi huchukua dakika chache. Miaka ishirini iliyopita ilikuwa busara kuacha akiba yote karibu na nyumbani kwa sababu fedha zilichelewa njiani. Sababu hiyo imeondoka, ila mazoea yamebaki.

Wengine husema hakuna faida kujihangaisha, kwani wezi wakubwa huivunja benki yenyewe. Mfano wao mzuri uko Muscat. Februari 2013 wadukuzi waliingia kwenye mifumo ya kampuni inayoshughulikia miamala ya kadi, wakaondoa kikomo cha kutoa pesa kwenye kadi 12 za Bank Muscat ya Oman, wakasambaza taarifa zake kwa washirika katika nchi 24. Kwa takriban saa kumi, miamala kama 36,000 ikatoa dola milioni 40. New York peke yake zikatoka karibu milioni 2.4. Miezi miwili kabla, kundi hilo lilikuwa limetoa dola milioni 5 kupitia kadi za RAKBANK ya Ras al-Khaimah. Tukio hili linanifundisha kinyume cha wanachodai. Kwanza, ilibidi wezi waondoe kikomo ndipo wafanikiwe. Kikomo ndicho kilichokuwa ukuta wao. Mwenye kadi anaweza kuiomba benki ishushe kikomo cha siku, na aufunge uwezo wa kadi kutumika nchi nyingine au mtandaoni kama hauhitaji. Pili, benki iliyovunjiwa mfumo hubeba hasara yake. Mteja aliyetaja namba yake kwa mdomo hubaki na yake mwenyewe.

Ughaibuni kwenyewe kuna kadi ya pili, ile ya mshahara. Nchi za Ghuba zimeanzisha mifumo ya kulinda mishahara kwa kuilipa kupitia benki. Qatar ilianza 2015, na Saudia imekuwa ikiipanua hadi kwa wafanyakazi wa nyumbani kupitia jukwaa la Musaned. Watetezi wa haki za wafanyakazi wameandika mara nyingi kuhusu waajiri wanaozishika kadi za wafanyakazi na namba zake, hivyo rekodi ikaonyesha mshahara umelipwa huku mwajiri akiutoa yeye mwenyewe. Binti wa Kinna aliye kwenye nyumba ya mwajiri hana nguvu ya kubishana kama mteja wa London, na sitaki kumbebesha lawama isiyo yake. Anachoweza kufanya ni kuhakikisha ujumbe wa akaunti unaingia kwenye simu yake mwenyewe, kutunza picha za ujumbe huo kwa mtu wa nyumbani anayemwamini, na kuupeleka ubalozini ukionyesha pesa zilizotoka asizozipokea. Kisha kuna simu za matapeli, zinazodai kutoka benki au polisi, kwamba kadi imefungwa au kibali cha ukaazi kina kasoro, na kwamba asome tarakimu zilizoingia sasa hivi. Hofu ya kufukuzwa nchini humfanya mgeni azisome. Benki wala polisi hawahitaji kusomewa namba hiyo. Anayeiomba ni mwizi, hata akikutaja kwa majina yako matatu.

Haitoshi, hata hivyo, kumwelekezea mteja vidole. Uingereza, tangu tarehe 7 Oktoba 2024, benki zinalazimika kumrudishia mteja aliyelaghaiwa akatuma pesa ndani ya nchi, hadi pauni 85,000, isipokuwa katika hali chache, na benki zikajifunza haraka kuutilia shaka muamala usio wa kawaida. Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, na marekebisho yaliyotiwa saini Oktoba 2025 yakataja wazi kosa la kubadilisha laini ya mtu bila idhini. Adhabu kwa mwizi ni jambo jema, lakini haimrudishii mtu pesa. Kampuni inayoona laini imebadilishwa leo na akaunti ikakaushwa kesho ina taarifa za kutosha kusimamisha muamala kwa siku moja au mbili, na ilazimishwe kufanya hivyo.

Wizi ukishatokea, mpangilio wa simu unazopiga una maana. Laini ifungwe kwanza, kwa sababu ndiyo inayomwezesha mwizi kuendelea. Kisha benki ifunge akaunti na kadi. Kisha mtu aliye nyumbani aandikishe taarifa polisi na apate namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, kwa kuwa benki itaiomba. Namba za simu za benki zinazopokea kutoka nje ya nchi ziandikwe kwenye karatasi kabla ya safari, maana zile fupi hazipigiki ukiwa Doha. Na mkataba ukiisha, akaunti ya Ghuba ifungwe kabla ya kurudi. Saudia, kwa mfano, kibali cha ukaazi kikimalizika benki husimamisha akaunti, na mshahara wa mwisho ukiingia baada ya hapo, mwenyewe akiwa tayari Kinna, kuutoa kunamtaka awe na kitambulisho ambacho hana tena.